Ziwa Nyakiziba Lashika Njia ya Mabamba

Kufikia saa mbili asubuhi Ziwa Nyakiziba lilikuwa limeshatoka msituni na kushika barabara ya Kibondo, na Tharsisi, mwongoza wageni, alikuwa analifuata kwa nyuma, viatu mkononi. Lilikwenda mwendo wa watu waliobeba kitu kizito: hatua chache, kisha linasimama kupumua, kisha tena. Lilikaa upande wa kushoto. Basi la Kibondo lilipopiga honi, ziwa lilijibana hadi mtaroni, basi likapita, na kondakta akatoa mkono dirishani kushukuru.

Katikati ya ziwa, kwenye mtumbwi wa plastiki wa rangi ya chungwa, walikuwamo wageni wawili kutoka Dar es Salaam, Salumu na mkewe Firdausi, waliooana mwezi ule. Walikuwa wamewahi alfajiri kupiga kasia ili wauone ukungu. Mapumziko yao yalikuwa ya siku tatu: kuogelea, nyama choma, kulala kwenye hema. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

"Mzee Tharsisi," Salumu akaita, "tangazo lilisema ziwa la msituni. Mimi hapa naona mihogo ya watu."

"Msitu umebaki nyuma, baba. Ziwa ndilo hilo hilo."

"Na chai?"

"Chai inakuja na pikipiki."

"Si wewe uliyesema umechoka kukaa sehemu moja?" Firdausi akamwambia mumewe. "Haya, tembea sasa."

Chai ilikuja kweli, imeletwa na Stanislaus, msimamizi wa kambi ya mapumziko. Hakuuliza kwa nini ziwa limeondoka. Aliuliza litarudi lini, maana Jumamosi alikuwa anategemea walimu arobaini kutoka Kigoma, na walimu wakikosa maji wana maneno. Tharsisi akasema hajui. Hapo hakusema uongo. Alijua liendako; kurudi ndiko hakukujua.

Na sababu aliijua vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeitamka. Siku iliyotangulia alikuwa amefikiwa na Mwajabu, mama wa Mabamba anayevuka mpaka na chumvi na vitenge, akiwa na ujumbe kutoka kwa Nadine, mke wa Tharsisi, aliyeko upande wa Burundi. "Anasema hivi," Mwajabu alieleza. "Irakoze ametimiza miaka ishirini na mitatu. Wamekuja watu wa maana kumposa, wameleta jembe na pombe. Mwaka huu hataki salamu, anamtaka mtoto." Jioni Tharsisi alikwenda ukingoni, akachuchumaa, akaliambia ziwa maneno yale kama alivyoyapokea, bila kupunguza. Kulipopambazuka likaondoka.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na malori yakaja kuwarudisha watu kwao, Tharsisi alimtuma binti yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akachote maji ya safari ziwani. Nadine akapandishwa lori la kwanza. Alipomuulizia mtoto akaambiwa yuko lori la nyuma na baba yake. Wakati huo baba yake alikuwa ziwani anamtafuta. Alimwona jua linapoinama: ameketi chini kabisa, dumu la njano amelipakata, kama mtu anayengoja kuitwa. Tharsisi alipiga mbizi mpaka masikio yakatoka damu. Lakini lile ni ziwa la kasoko, mlima uliowahi kuwaka moto ukabaki shimo, na hakuna aliyepima kina chake akarudi na jibu.

Alikosa la kumwambia Nadine. Alipopata mtu wa kupeleka salamu akasema mtoto ni mzima. Mwaka uliofuata akasema yuko darasa la tano. Uongo wa namna hiyo ukishauzaa huna budi kuulea, naye aliulea mpaka ukamaliza kidato cha nne.

Baadaye msitu ukafunguliwa kwa wageni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelijua ziwa kumshinda, wakampa kasia. Kwa miaka yote hiyo aliwapitisha watu juu ya binti yake. Maji yakitulia walimwona. Wakiuliza, alijibu, "Huyo ni wa hapa." Wakapiga picha, wakala samaki, wakaenda zao.

Makere walifika mchana. Mama mtu mzima mmoja, jina lake Esteri, alikuwa anapalilia mahindi kando ya barabara. Alipoliona ziwa aliweka jembe chini, akaketi ardhini na kufunika magoti kwa kanga, kama wanawake wa huko wanavyofanya msiba unapopita.

"Mnamsindikiza nani, mzee wangu?"

"Binti yangu."

"Mnampeleka wapi?"

"Kwa mama yake, ng'ambo."

"Basi hamwezi kupita hivi hivi."

Nchi ile, ukikutana na watu wamebeba machela, yale ya mgonjwa au ya maiti, huwapiti mpaka nawe utie bega hatua kadhaa. Ziwa halina pa kutia bega. Esteri alifikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na ndoo. Akaichovya, akajitwika, akatembea sambamba na ziwa hatua kama ishirini, akayarudisha maji taratibu, akafuta uso. Wa pili akaja na sufuria. Wanafunzi wakatoka shuleni na vikombe vyao vya uji. Mwenye shamba la maharage, ambaye ziwa lilikuwa limemlazia mistari minne, alikuja kwa hasira akitaka kujua nani atamlipa. Aliposikia ni msiba alivua kofia, akachota nayo, akatembea huku inavuja mpaka imeisha. "Maharage tutazungumza siku nyingine," akasema.

Firdausi alikuwa anawatazama kutoka mtumbwini. "Mzee, hii ni sherehe gani?"

Tharsisi akamweleza. Hakuwahi kumweleza mgeni kabla ya siku ile, na maneno yalimtoka machache. Firdausi aliinama akatazama chini ya mtumbwi kwa muda mrefu.

"Alfajiri nilimpungia mkono," akasema.

"Akakujibu?"

"Alinijibu."

Alivua miwani ya jua, akajitanda kanga kichwani, akamwambia mumewe azime muziki wa simu. Salumu akazima.

Kibondo waliingia siku ya tatu. Wenye maduka, wengi wao Waislamu, waliteremsha milango nusu, wakatoka na madumu ya mafuta ya kula yaliyosuuzwa, wakapokezana maji kutoka mkono hadi mkono kama wanavyopokezana jeneza, haraka, bila mtu kung'ang'ania. Mmoja wao alimsogelea Tharsisi na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu alikuwa Mkristo?"

"Ndiyo, sheikh."

"Haya, si kitu. Uzito ni uleule."

Hapo mapumziko ya wageni yalikuwa yamekwisha. Salumu akashuka na mabegi mawili akaenda stendi. Firdausi hakushuka. Baada ya saa moja Salumu alirudi, suruali imelowa hadi magotini, akapanda mtumbwini, akasema basi limejaa. Halikuwa limejaa.

Siku ya tano wakafika Mabamba. Afisa wa mpaka, kijana mpole aitwaye Shamsi, alitoka nje kuwapokea. Kwa ziwa lenyewe hakuwa na neno; alisema maji huvuka kila siku, mvua haijawahi kumwomba kibali. Tatizo ni aliyemo.

"Jina lake?"

"Irakoze."

"Baba?"

"Tharsisi. Ndiye mimi."

Shamsi akaingia ofisini, akafungua kompyuta, akasoma, akasoma tena. "Kaya ya watu watatu," akasema. "Tharsisi, Nadine, Irakoze. Wamerejea Burundi kwa hiari yao, lori la kwanza. Kila jina lina alama ya vema."

"Alirejea Nadine peke yake."

"Hapa wamerejea watatu, mzee wangu. Huyu mtoto yuko Burundi mwaka wa kumi na mbili sasa. Nitamgongea vipi muhuri wa kutoka mtu ambaye hayumo nchini?"

"Na mimi?"

"Nawe uko huko huko."

"Basi nifungulie, nikajitazame hali yangu."

Waliosimama jirani wakacheka, na Shamsi akacheka, lakini kizuizi hakukiinua. "Ningekuwa mimi niliyeandika ningefuta," akasema. "Aliyeandika alishahamishwa."

Mwajabu, ambaye kibali chake cha soko kilikuwa hai, akavuka kwenda kumwita Nadine. Nadine alikuja alasiri, amevaa vizuri, kitenge kipya amekikunja mkononi, cha binti. Kuvuka huku hakuruhusiwa: alama za vidole vyake zilionyesha alisharudishwa kwao, na aliyerudishwa harudi. Akasimama ukingoni mwa mto wa mpakani. Upande wa huku ziwa lilijivuta mpaka mwisho wa nchi, likatulia, tope likazama, na mtoto akasogea karibu kadiri alivyoweza.

"Baba Irakoze," Nadine akaita, "huyu ni nani?"

"Ni yeye."

"Mbona hajakua?"

"Hakukua."

"Ulisema amemaliza kidato cha nne."

"Nilisema."

Mto ulikuwa mwembamba pale, sauti ya mtu haikuhitaji kupandishwa.

"Nani alimtuma maji?"

"Mimi."

"Alichota?"

"Alichota."

Chini ya maji mtoto alilinyanyua dumu kwa mikono miwili, mama yake aone kwamba halikumwagika. Nadine akaketi chini, akakilaza kitenge mapajani, akakipapasa kukinyoosha, ingawa hakikuwa na mkunjo.

Ziwa lilibaki Mabamba, kwenye bonde chini ya kizuizi. Stanislaus alihamisha vibanda na mahema mwezi uleule, na walimu wa Kigoma wakaja, wakasema maji ni safi kuliko ya zamani. Kule msituni shimo limeota matete. Mwajabu alijaribu kumvusha mtoto kidogo kidogo, dumu moja kila soko, lakini maji aliyoyamwaga ng'ambo yalikuwa maji tu, akaacha. Shamsi aliandika barua mbili. Ya pili ilijibiwa kwamba kaya ile imekamilika na faili limefungwa, na baadaye akahamishiwa mpaka mwingine. Esteri alifariki masika yaliyofuata, akabebwa na watu wengi. Salumu na Firdausi wana mtoto wa kiume. Watu wa posa walirudishiwa jembe lao. Pombe ilikuwa imeshanywewa.

Tharsisi bado anapiga kasia. Nadine hajazungumza naye tena. Huja siku za soko, hukaa upande wake wa mto na kumweleza binti habari za nyumbani, nani amezaa, nani amevuna nini. Wageni humuona wakati wanaogelea na hupunguza kelele. Saa kumi na mbili mpaka hufungwa, naye huondoka.