Nipe Mji

Mwenyekiti bado anamsifu, na sifa ndefu hulevya kuliko pombe. Dokta Siwema, aliyekaa meza ya mbele akisubiri zamu yake ya kuhutubia, anafumba macho kidogo tu, alasiri hii ya joto, mkono juu ya karatasi zake. Ndani ya karatasi hizo mna mzee mmoja wa kijijini China, ambaye jina lake hata mimi silitaji. Alimsimulia Siwema jinsi mashamba ya matajiri yalivyogawiwa mafukara, na jinsi yeye, kijana wa miaka kumi na sita, aliposimamishwa mkutanoni aseme uchungu wake, alivyomsingizia jirani kwamba ameficha mpunga, na jirani akapigwa mpaka akafa. Andika yote, mwanangu, alimwambia, ila jina langu na kijiji changu vifiche, wajukuu wa jirani yule wamepakana ukuta na wangu. Siwema aliapa. Lakini wenzake chuoni wamemcheka wiki nzima: historia isiyo na shahidi ni umbea.

Anafumba macho, basi, na sakafu ya ukumbi inalowa. Yuko juu ya tuta jembamba katikati ya majaruba ya mpunga, na majaruba hayana mwisho, na kila jaruba lina kigingi cha mbao cha kuandikwa jina la mwenye shamba mpya, na vigingi vyote ni vitupu. Majini kuna kijiji kimepinduka, mapaa chini. Akiinua macho hakipo, akiinama kipo, na watu wake wanatembea nyayo zao zikigusa za Siwema. Anaogopa. Anageuka arudi, na njia ya kurudi ni ile ile ya kwenda. Mbele yake amesimama mtu mwenye kofia ya majani, na chini ya kofia hamna uso, mna ngozi tu, laini kama ganda la yai. Shikamoo, anasema Siwema, maana hofu haimwondolei mtu adabu. Yule haitikii. Anasema, Kitendawili. Na Siwema, msomi mzima, anajibu kama alivyojibu utotoni jikoni kwa bibi yake: Tega. Nikikificha ni changu, nikikitoa ni cha wote, wala hakinirudii. Jibu analijua, ni siri, lakini anahofu kwamba akilitaja ataulizwa siri ipi. Nimeshindwa, anasema. Basi nipe mji. Ndiyo kanuni, kila mtoto anaijua, aliyeshindwa hutoa mji. Angetoa Tanga, angetoa Kigoma, miji imejaa tele. Lakini woga ukiingia akili hutoka, na mdomo wake unatoa kijiji kile kile alichoapa kukificha. Papo hapo kijiji kinapanda kutoka majini, maji yakichuruzika milangoni, na watu wasio na nyuso wanajaa tutani, na yeye amesimama juu ya jukwaa la mbao. Mwenye kofia anasema, Nimekwenda mji wako, nimekula, nimekunywa, nimelala. Aliyenipokea ni nani? Simjui, anasema Siwema. Umati unasogea hatua moja. Simjui, jamani, nawaapia! Unasogea tena, na sasa anaona kila mmoja ameshika kigingi, na ncha zimechongwa. Usinicheke, mwanangu, mzee alimwambia, hujasimama pale. Sasa amesimama. Anataka kunyamaza, Mungu anajua anataka, na jina linatoka.

Makofi. Siwema anafumbua macho, na kumbe yuko wima, kipaza sauti kimemkaribia mdomo, karatasi zimefunuliwa hadi ukurasa wa mwisho. Hakumbuki kuzifunua. Anajifinya, panauma, lakini hata kule tutani pangeuma. Miguu yake ina baridi, na hathubutu kutazama chini ya meza. Mwenyekiti anakaribisha maswali, na msichana mmoja wa safu ya nyuma anasimama. Shikamoo Mwalimu, anasema, ahsante kwa mhadhara. Huyo mzee, na hapo analitaja jina lote, na kijiji, taratibu, bila kukosea, bado yu hai? Siwema anamtafuta usoni ili ajue kama yeye mwenyewe yuko ukumbini au bado yuko tutani, lakini msichana amesimama penye mwanga wa dirisha, na uso wake hauonekani.