Karani Mbele ya Kioo

Mwanangu aliniambia kwamba ndege ameruka. Alinieleza habari hiyo mlangoni, kabla sijatua mzigo, huku akinipokea mkoba kwa adabu aliyofunzwa nami, akaongeza kwamba dirisha la sebuleni lilisahauliwa wazi. Sikumlaumu mtu siku hiyo. Nilikuwa nimetoka kumuuguza kwa wiki kadhaa dada yangu aliyepasuliwa jicho, safari ilikuwa imenichosha, na mtu aliyechoka huamini anachoambiwa na mwanawe.

Ndege mwenyewe alikuwa kasuku mdogo wa kijani, mwenye mkia mrefu na mistari myeusi iliyoshuka kutoka juu ya mdomo hadi mbawani. Hakuwa wangu. Mjukuu wangu wa kike, binti wa huyu huyu mwanangu, ndiye aliyenikabidhi alipokwenda masomoni. "Bibi, humu ndani ni wewe tu usiyesahau kitu," aliniambia, nami nikaipokea kauli hiyo kama kiapo. Tulimwita Karani kwa sababu ya madoa meusi yaliyojipanga kooni mwake kama vifungo vya koti, na kwa tabia yake ya kuitikia kwa kichwa kila alichoambiwa kisha akafanya alivyotaka. Sasa mjukuu wangu alikuwa karibu kurudi likizo, na mimi nilikuwa na kizimba kitupu.

Nilifanya linalowezekana. Ndege wa namna hii akipotea huweza kurudi akiisikia sauti aliyoizoea. Kwa hiyo kila asubuhi nilikitoa kizimba nje, nikakiweka juu ya ukuta wa ua, mlango wazi na uwele ndani, nikasimama nikimwita. Jirani mmoja aliniuliza kama naita malaika. Nilimjibu kwamba malaika hawahitaji uwele. Mwanangu alikuwa akinitazama kupitia dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi, na asubuhi moja akatoka akaniletea kiti.

"Utachoka, Mama," akasema. "Kaa basi hata kidogo."

Nilimshukuru kwa kile kiti. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru.

Nywele zangu huzikata fupi tangu nilipostaafu ualimu, kwa kuwa sioni sababu ya mtu wa umri wangu kugombana na kitana. Kinyozi wangu ana chumba kimoja kwenye kona ya mtaa wetu, chenye vioo kuta mbili na rafu ya chupa za spiriti na makopo ya poda. Sikuwa nimefika kwake tangu nirudi. Alinikalisha, akanivua miwani, akanifunga shuka la plastiki shingoni na kuanza upande wa kulia. Mashine ilipokuwa ikinguruma sikioni, nilisikia mlio mwingine nyuma yake: kidogo kidogo, mkavu, kama mtu anayegonga kioo kwa ukucha, kisha gumzo jembamba lisilo na nukta wala mkato.

Nilinyoosha mkono nikatwaa miwani yangu.

Alikuwa juu ya rafu ya mwisho, katikati ya vitana, uso kwa uso na kioo. Hakuwa na kizimba. Hakukihitaji, kwa maana manyoya marefu ya mbawa zake yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, upande mmoja mafupi na upande wa pili mafupi zaidi.

"Huyo ni nani?" niliuliza.

Mashine ilizimwa. "Nani, Bibi? Aa, Bishoo? Hii ndege nimeletewa na rafiki. Ni cherero tu."

"Ndege huyu," nilisema. "Na si cherero. Cherero ni kasuku mwenye kichwa kikubwa na mkia mfupi kama uliochongwa, wala hana mistari mgongoni. Huyu ana mkia unaokaribia nusu ya mwili wake. Unakata nywele za watu siku nzima, hujui kutofautisha kifupi na kirefu?"

Fundi cherehani wa mtaani, aliyekuwa kwenye benchi akingoja zamu yake, alicheka mpaka akakohoa. "Muache Bishoo wa watu, Bibi. Kapata mchumba. Tazama anavyombusu. Kutwa nzima hachoki. Mimi mke wangu angenipa nusu ya hizo, ningekuwa naamka nikiimba."

"Mkeo kakuona," kinyozi alisema. "Yule ndani ya kioo hajamwona vizuri."

Walicheka wote wawili. Kwa kweli ndege alikuwa akiinua na kuinamisha kichwa, akiugusisha mdomo wake kwenye mdomo wa yule wa ndani, tena na tena. Lakini kioo mahali pale kilikuwa na uchafu wa rangi ya maziwa, uliokauka tabaka juu ya tabaka, na mbegu zilizolainika zilikuwa zimeganda ndani yake.

"Hambusu," nilisema. "Anamlisha."

Hawakuelewa, nami nikawaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu, ambao walikuwa wepesi zaidi. Kasuku dume akipata mke, humlisha kwa chakula anachokirudisha kutoka kooni. Mke humeza, na dume naye huenda kula tena. Huyu mke wa kioo hamezi. Kwa hiyo dume hukitoa chote alichokula, akaona hakijapokelewa, akajaribu tena. Mnachokicheka ni ndege anayekufa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

"Lakini anakula sana huyu, Bibi," alisema kinyozi. "Namwekea mpaka biskuti."

Niliondoka kitini na shuka lake shingoni. Nilimwita ndege kama nilivyomwita kila asubuhi pale ukutani, kwa jina lake na kwa ule mluzi wa chini aliokuwa akiukimbilia kutoka chumba chochote. Hakugeuka. Nilimwita mara nyingine, nikiwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na kalamu hii. Aliendelea kumwitikia yule wa kiooni.

Nikamshika. Hakuwa na nguvu ya kuniuma. Nilipitisha kidole kifuani mwake, mahali ambapo nyama inapaswa kuwa pande zote mbili za mfupa, nikakuta mfupa peke yake, umesimama kama makali ya kisu. Niliutazama mguu wake wa kushoto. Kidole cha nje cha nyuma hakikuwa na ukucha, kama kilivyokuwa siku mjukuu wangu alipomleta.

"Huyu ni Karani wangu," nilisema.

Kinyozi alianza kukisafisha kitana ambacho kilikuwa safi. "Bibi, ndege wasio na ukucha wako wengi. Wako si alikuwa na mistari mpaka kwenye mdomo? Na pua yake ya waridi? Huyu paji lake la njano tupu, na pua bluu. Huyu mwingine kabisa."

Alilisema neno hilo kwa utulivu wa mtu aliyelikariri. Na alisema kweli. Karani niliyemwacha alikuwa na mistari hadi juu ya mdomo, na ile ngozi laini yenye matundu ya pua ilikuwa ya waridi. Lakini alikuwa kinda. Makinda yote ya kasuku hawa huwa hivyo. Wakishapukutisha manyoya yao ya kwanza, mistari huondoka kwenye paji ikabaki kisogoni, na ngozi ya pua ya dume wa kijani kama huyu hugeuka bluu. Nilimweleza hayo pia. Kisha nikamuuliza jambo moja.

"Wewe Karani ulimwona wapi akiwa na mistari mpaka mdomoni?"

"Kwenye picha," alisema.

Fundi cherehani aliacha kucheka. "Kaka," akasema polepole, "nyamaza sasa."

Picha ya Karani akiwa kinda ilikuwa moja tu. Mjukuu wangu aliipiga chumbani mwangu na kuituma kwenye simu ya baba yake.

Sikuhitaji kupandisha sauti, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuihitaji. Nilimtazama tu kinyozi mpaka akaiweka mashine mezani.

"Bibi, mimi niliombwa tu," alisema. "Shemeji, mkwe wako, anatoka zamu ya usiku pale hospitali, anataka kulala mchana, ndege anapiga kelele. Mwanao akaniambia, nikae naye. Akasema ukija ukiuliza nikuambie ni mwingine, na akanionyesha ile picha ili nijue la kusema. Sikujua kwamba ataumwa. Nilidhani amefurahi."

"Ulidhani," nilisema.

Nilimfunga Karani katika leso yangu, kichwa nje. Nilipofika mlangoni kinyozi aliniita kwa unyenyekevu.

"Bibi, upande wa kushoto bado."

"Utabaki hivyo hivyo," nilimjibu.

Nikapita mtaani mchana kweupe, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijanyolewa, shuka la plastiki likipepea mgongoni. Yule jirani wa malaika alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga.

Daktari wa mifugo alimweka Karani kwenye mizani ya kupimia dawa, akatikisa kichwa. Alisema kwamba akiendelea kucheua namna ile hataimaliza wiki. Dawa ya kuchoma sindano hakuwa nayo kwa ugonjwa huo. "Asikione kioo, Bibi," alisema. "Wala kijiko kinachong'aa. Wala dirisha usiku taa ikiwaka. Popote atakapojiona, ataanza tena. Mpe mbegu, mpe majani mabichi, mpe kijiti cha kutafuna, na akae na mtu wa kuzungumza naye. Akimsahau yule, atapona. Asipomsahau, mimi sina la kufanya."

Nilirudi nyumbani na kuanza kazi. Kioo cha kabati niliking'oa skrubu, nikakigeuza kikatazama ukuta. Kioo cha bafuni nilikibandika magazeti kwa gundi ya wanga. Madirisha pia niliyabandika magazeti kwa ndani. Sufuria zote nilizifungia. Mwanangu aliporudi kutoka kazini alinikuta sebuleni, kizimba mapajani mwangu, na sebule nzima imejaa habari za mwezi uliopita.

Alimwona ndege kwanza. Kisha akaona kichwa changu.

"Mama," akasema, "nani kakunyoa hivyo?"

"Rafiki yako."

Alikaa. Mkewe, mkwe wangu, alitoka chumbani akiwa amevaa sare ya kazi, akasimama nyuma ya kiti chake. Ni mwanamke mnyofu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi usiotosha, na ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, mimi nilisema silali. Sikusema atolewe. Aliniambia kwamba ameruka kweli."

"Nakuamini," nilimwambia. "Ungekuja kwangu ukasema, 'Mama, ndege wako ananiamsha,' ningekifunika kizimba kwa kanga na kukipeleka chumbani kwangu kabla hujamaliza sentensi."

"Tulikuwa hatutaki kukuudhi," mwanangu alisema. "Ulikuwa kwa mama mkubwa, una ya kwako. Na, Mama, kwa kweli, ni ndege tu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira iliyokuwa ikinisubiri tangu kwa kinyozi. Ilinijia baridi, na maneno yakaja yamepangika.

"Kila asubuhi nilisimama pale ukutani nikimwita," nilisema. "Watu wakanicheka. Wewe ulikuwa dirishani, unakunywa chai, unajua alipo. Unajua kwamba yuko hapo kwenye kona, umbali wa kumwita mtu akasikia. Na ukaniletea kiti. Ukanionea huruma, nami nikakushukuru. Kumtoa ndege nitakusamehe. Lakini kile kiti, mwanangu, nitakusamehe vipi?"

Mkewe alimtazama utosini, kisha akaondoka kwenda kazini bila kumuaga.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Karani alizunguka kizimba akimtafuta mwenzake, akaliinamia bakuli la maji akamkuta humo, ikabidi nimpe maji kwenye kikombe cha udongo kisichong'aa. Alitapika. Akala. Akatapika tena. Nilikuwa nikikaa naye kutwa nikimsomea magazeti ya dirishani kwa sauti, na kila nilipokutana na kosa la mwandishi nilimwonyesha. Mkwe wangu alinikatia majani jikoni bila kuombwa. Mwanangu alinyoa ndevu kwa kupapasa.

Kisha asubuhi moja, siku mbili kabla ya mjukuu wangu kufika, Karani alipanda mkononi mwangu, akala uwele kutoka kiganjani, akala tena, akatulia. Nilimngoja. Koo lake lilikuwa limevimba kwa chakula, nacho kilikaa humo humo. Nilimwambia kwamba amefanya vyema, akaitikia kwa kichwa, kisha akapanda begani na kuanza kuuvuta mkono wa miwani yangu, jambo alilokatazwa tangu utoto wake.

Mwanangu alitoka chumbani wakati huo huo, suti kamili, mkoba mkononi. Alikuwa na mkutano mkubwa siku hiyo, alikuwa ametuambia. Chini ya sikio lake la kushoto kulikuwa na povu la sabuni lililokauka, na shavu zima la upande huo lilikuwa na ndevu za juzi.

Alisimama mbele yangu, akanyoosha tai. "Mama, niko sawa?" akauliza.

Nilimtazama kutoka juu hadi chini, upande wa kulia na upande wa kushoto. Karani naye alimtazama.

"Nenda salama," nilimwambia, nikainuka nikamfungulia mlango.