Kuwaona Samaki wa Baba Edmund

Liberatus alirudi kutoka Mbeya akiwa ameacha kuamini udongo. Alikuwa ameenda Iyunga kumsalimia rafiki yake wa zamani, Ambokile, huko akaburutwa kwenye semina ya kilimo cha kisasa, na aliyerudi nyumbani Kilolo hakuwa mume tena bali mhubiri. Aliteremka kwenye fuso na mabomba meupe, pampu ndogo ya sola na cheti chenye jina lake. Kabla hata ya kunywa maji alisimama uani akamtangazia mkewe kwamba jembe limepitwa na wakati.

"Mama Edmund, sikiliza. Samaki wanakaa kwenye tenki, wanakunya humo humo. Pampu inayapandisha yale maji yanapita kwenye changarawe, mboga zinakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna udongo. Hakuna kupalilia. Mtu unavuna umevaa viatu."

Leokadia alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo sasa tutakula mavi ya samaki."

"Tutakula mboga."

"Zilizokula nini?"

Liberatus alirudi kwenye mabomba yake. Kwa mkewe hakuwahi kuwa na jibu tangu padri awafungishe ndoa, na kwa watu wengine alikuwa na jibu moja tu, ndiyo. Leokadia angemwacha acheze na mabomba yake kama alivyomwacha acheze na nyuki, halafu sungura, halafu uyoga uliooza chini ya kitanda cha wageni. Tatizo ni kwamba safari hii mchezo uligusa kinyungu chake.

Kinyungu ni kipande cha bondeni kinachobaki na unyevu kiangazi kizima, wakati huku juu kila kitu kimekauka na ng'ombe wanalamba vumbi. Hicho Leokadia alikabidhiwa na mama mkwe wake akiwa bibi harusi, kikiwa matope na matete. Alikichimbia mifereji na kukiinulia matuta kwa mikono yake, na tangu hapo, wenzake walipokuwa wanahesabu dagaa, yeye alikuwa anakula mahindi mabichi, njegere na chainizi. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona Leokadia akinunua mboga. Jambo hilo alilijua vizuri, na alihakikisha wengine wanalijua.

Sasa Antoni, mdogo wake Liberatus, alipita kusalimia, akaketi kwenye benchi, akamsikiliza kaka yake akiutukana udongo. Antoni ni mtu ambaye ukimwambia habari ya msiba anauliza marehemu kaacha nini. Akasema, "Sasa kaka, kama udongo hauna kazi, si unipe kile kinyungu nijishikize?" Na Liberatus, kikombe cha pombe ya ulanzi mkononi, akasema, "Chukua tu." Hivyo hivyo. Leokadia alizipata habari hizo kwa Prisca, mke wa Antoni, aliyekuja asubuhi kushukuru huku akipiga magoti kupita kiasi.

"Ni msimu huu tu," Liberatus alijitetea. "Mabomba yakinishinda, anarudisha. Tumekubaliana."

Kuanzia siku hiyo Leokadia alijua anachokitaka duniani: mabomba yamshinde. Hakuliombea jambo hilo, maana Mungu alimwogopa, lakini hakuna aliyemsikia akiomba kinyume chake.

Liberatus alijenga banda la nailoni, akachimbia tenki nusu ardhini, akaosha changarawe ya mtoni mpaka ikang'aa, akayaacha maji yatulie kwa majuma huku akiyanusa kama mpishi. Kisha akaenda Iringa mjini kwa mfugaji akarudi na vifaranga vya sato kwenye mifuko iliyojazwa hewa, akapandikiza chainizi kwenye mabomba. Ilikuwa Juni, na Juni ya Kilolo mtu akifungua mdomo unadhani anavuta sigara. Mtaalamu wa semina alikuwa ameonya: wakati wa baridi samaki hali sana, mpe punje chache, na asichomaliza ukiondoe, kwa sababu kikibaki kinaoza na kuwanyang'anya hewa. Liberatus aliyasema maneno hayo kila siku kwa moyo, kama Baba Yetu. Mtu wa kuyasema hakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatekeleza.

Hapo ndipo Leokadia alipotia utani wake. Walikuwa kwenye bomba la kijiji, ndoo zimepangwa, na jirani yake Faustina akauliza kwa ile sauti ya mtu anayejua tayari, "Mama Edmund, tunasikia kwenu kuna jambo."

"Lipo. Baba Edmund amejifungua."

"Toba!"

"Wengi mno, na wote wamechukua macho yake. Nendeni mkawaone."

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Leokadia alijitwika ndoo yake akapanda kilima akiwa na furaha, maana alitaka kijiji kizima kije, kimcheke yule mzee, na aibu imrudishe kwenye akili zake.

Lakini watu wa kijiji kile hawana uwezo wa kuuacha utani ubaki utani, hasa ukiwa umewafungulia geti la mtu. Walikuja. Na kwao kwenda kumwona mtoto mikono mitupu ni uchoyo ambao mtu atasimuliwa nao mpaka kaburini. Faustina alitangulia na kiporo cha ugali kwenye bakuli lenye kawa.

"Kamwene, Baba Edmund! Hiki ni cha wageni wetu."

"Kamwene, dada. Mtaalamu alisema..." Liberatus alianza. Bakuli lilikuwa limeshanyooshwa. Na kule kukataa chakula cha mtu aliyekuja kumwona mtoto wako ni sawa na kumwambia usoni kwamba ni mchawi, ametia kitu. Liberatus alisogea pembeni. "Asante sana. Watupie tu."

Baada ya Faustina akaja Sosthenes, katekista, amebeba machicha ya pombe ya komoni kwenye ndoo ndogo, akieleza bila kuulizwa kwamba yametoka kwa jirani na si kwake. Wakaja akina mama wa jumuiya na pumba, na boga la kuchemsha, na viazi. Mmoja alileta dagaa, akawatupia samaki, na Leokadia alicheka mpaka akashika mlango. Wageni walipoona ugali unazama bila kuguswa hawakuwaza baridi. Waliwaza kwamba mapishi hayajapendwa, wakarudi kwao kutafuta kizuri zaidi.

Neno moja la mama mwenye nyumba lingetosha. Edmund alipokuwa mchanga na wageni wamezidi, Leokadia alisimama mlangoni akasema "mtoto amelala", na watu wakaenda zao bila kinyongo. Lakini sasa hakusema. Alipokea mabakuli, akayasuuza, akayarudisha kwa wenyewe, akasindikiza kila mtu mpaka getini na kusema karibuni tena.

Kila alfajiri Liberatus alikuwa tenkini na kiwavu, anaopoa vipande vya ugali kwenye maji ya baridi, vidole vimevimba kama karoti. Leokadia alimtazama kutoka jikoni akiwa na chai mkononi, akamdharau kwa raha zake zote.

"Si uwaambie wasilete?"

"Nitawaambiaje?"

"Kwa mdomo, Baba Edmund. Huo huo unaonywea chai."

Alirudi kuopoa.

Jumapili moja walipotoka misani walikuta samaki wote juu, midomo nje, wanatafuta hewa kama wazee waliopanda mlima. Maji yalikuwa na ukoko na harufu ya pombe iliyochacha. Liberatus alibadilisha maji kwa ndoo mpaka mgongo ukakataa. Jioni sato walikuwa wameelea matumbo juu, na chainizi kwenye mabomba zimekuwa za njano, mizizi inateleza kama makamasi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Na kijiji kikaja kumpa pole, kimebeba unga.

Leokadia hakungoja pole ziishe. Asubuhi yake alifunga kitenge safi, akaweka jembe begani, akashuka bondeni akiimba. Alikuwa ameshapanga kichwani tuta la njegere liwe wapi na mahindi yakae wapi. Hasira zake zote za miezi ile zilikuwa zimeondoka, na alikuwa tayari hata kumsamehe Prisca.

Alifika akasimama. Matuta yake yalikuwa yamesawazishwa. Mifereji imefukiwa. Toka mwisho mmoja mpaka mwingine kulikuwa na mashimo yaliyonyooka kwa kamba, na kila shimo lina mche wa parachichi umefunikwa kijumba cha nyasi. Antoni alikuwa anamwagilia.

"Karibu shemeji. Nimesikia habari za samaki, poleni sana."

"Nimekuja kulima."

"Kulima wapi tena, shemeji? Si unaona miti."

"Ulipewa msimu mmoja."

Antoni aliweka kopo chini, akafuta mikono kwenye suruali bila haraka. "Nilipewa msimu. Halafu nikamfuata kaka, nikamuuliza, naweza kuweka parachichi? Akasema weka. Kamuulize."

Hapakuwa na haja ya kuuliza maana yake. Kila mtu kule anajua kwamba shamba la kuazima hupandi mti. Unapanda kinachovunwa, unavuna, unatoka. Mwenye shamba akikuruhusu kupanda mti, amekupa, na hata baraza la ukoo halitakaa kulijadili. Leokadia alipanda kilima na jembe lake, akihema, na hakuimba.

"Alikuuliza?" alimwambia mumewe.

Liberatus alikuwa bado juu ya ndoo. "Aliuliza."

"Lini?"

"Wakati ule watu wanakuja kuona samaki. Alikuja naye na pumba."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini, Mama Edmund? Ni mdogo wangu. Amekuja kwangu, amesimama, ananiangalia."

Leokadia alifungua mdomo amtukane, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ile hakupata tusi. Aliikumbuka siku yenyewe. Antoni alikuwa ameingia na kisado cha pumba, na yeye Leokadia ndiye aliyempokea, akakikung'uta, akamrudishia, akamwambia karibu tena shemeji. Alikuwa anacheka. Kwa wiki nzima alikuwa amesimama pale akifurahia mume asiyeweza kukataa bakuli la ugali, na hakuwaza kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukataa chochote. Kinyungu chake kililiwa mbele ya macho yake, yeye akisuuza vyombo. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumbebesha lawama yote.

Kiangazi kilikaza. Siku moja, moja tu, Leokadia alikwenda gengeni kununua fungu la chainizi, na aliyekuwa anauza ni Prisca. Prisca alipiga magoti akamwongezea majani mawili ya bure. Leokadia alirudi nyumbani, akamwaga mboga ile kwa nguruwe, akaingia bandani akaanza kusugua tenki.

Alifanya yote bila kupenda hata dakika moja. Alichagua changarawe iliyogandwa na uozo akaitupa, akaosha mabomba, akayaacha maji yatulie, akamtuma Liberatus mjini kuleta vifaranga vingine. Punje za chakula alizifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Aliwapa samaki kile kidogo kilichoagizwa, akangoja, akaopoa kilichobaki. Aliwachukia samaki na aliichukia pampu kwa kelele zake. Mboga zikasimama, kijani, pana, nzuri kuliko zozote zilizowahi kutoka bondeni, na alizichukia hizo kuliko vyote.

Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwao, watu walisali, wakaimba, kisha wakainuka wote pamoja kama waliopangana, kila mmoja akachukua chombo chake alichokuwa amekiacha nje. Sosthenes alitangulia na ndoo yake ya machicha.

Leokadia alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, mikono kiunoni.

"Rudi nacho, Mwalimu."

Katekista alitabasamu. "Mama Edmund, ni kidogo tu, tumekuja kuwaona wageni."

"Nimesema rudi nacho. Na wewe Faustina, na wewe, na nyie wote."

Faustina alishusha bakuli lake taratibu. "Kwa hiyo tumetia kitu," alisema. "Ndicho unachosema mbele ya Mwalimu. Kwamba sisi ni watu wa kutia vitu."

"Semeni mnavyotaka. Hapa hakiingii chakula cha mtu."

Waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyengoja chai. Mzee mmoja alitema mate getini. Leokadia alijua kwamba kabla ya jua kuzama neno lingekuwa limefika kila jiko, na kwamba akifiwa watakuja wachache, nao watakaa mbali.

Akageuka kumtazama mumewe. Alitegemea kumkuta ameinamisha kichwa kwa aibu. Liberatus alikuwa ameegemea nguzo ya banda, mabega yamelegea, uso mweupe wa raha kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ahsante, Mama Edmund," alisema kwa upole. "Ungewaambia mapema, wale wa kwanza wasingekufa."

Kisha akachukua kofia yake akawafuata wageni mpaka njiani, akiita majina yao na kuwaomba radhi kwa ajili ya mke wake. Leokadia aliwasikia wakimjibu vizuri, wakimpa pole.