Programu Iliyoitwa Mama Mkwe

Wenzake wa maktaba walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Siku moja bosi wake, mkutubi mkuu, alisimama mbele ya kompyuta ya mapokezi akasoma kwa sauti: "Kitabu hiki kimechelewa miaka mia moja. Na bado una uso wa kuja?"

Kando yake alisimama mwalimu mstaafu aliyekiazima jana yake.

"Ijumaa ijayo," bosi akasema. "Ikifika na programu hii haijapona, tunarudi kwenye daftari. Na daftari halihitaji mtu wa kompyuta. Tumeelewana?"

Walielewana. Mtu wa kompyuta alikuwa Chiriku.

Programu yenyewe iliitwa Mama Mkwe. Ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuitengeneza na kuigawa bure. Maktaba ndogo arobaini ziliitumia, na watu waliipendea ukali wake. Ukikosea herufi, ilikuambia, "Taratibu, hakuna anayekufukuza." Ukiingiza kitabu kimoja mara mbili: "Nimeshakiona. Macho ninayo." Aliyeitunga alikuwa ameitelekeza miaka minne. Barua hajibu, salamu hajibu, mpaka watumiaji wakambatiza Bwana Kimya. Mwaka mpya ulipoingia, hesabu ya tarehe ikapinda, na wa kuinyoosha hakuna.

Chiriku akainyoosha kwa siku mbili. Kosa lilikuwa la mstari mmoja tu, limejificha kama kupe sikioni mwa mbwa. Kilichobaki ni kuufikisha mstari huo kwenye maktaba zote, na huo ndio ukawa mfupa uliomshinda fisi. Mashine zile zilifuata marekebisho mahali pamoja tu mtandaoni, kwenye hazina yenye jina la Mama Mkwe, na nywila ya hazina hiyo alikuwa nayo Bwana Kimya peke yake.

Chiriku akaiomba kwenye kikundi chao cha mtandaoni. Mtu aliyenyamaza miaka minne akajibu kwa dakika nne.

"Programu ni ya wote, chukueni. Jina ni langu. Tafuteni jingine."

Basi, ikawa mzinga uliopigwa jiwe. Watu ambao hawakuwahi kurekebisha hata nukta wakajitokeza na majina. Mmoja alitaka Bahari ya Maarifa. Mwingine alitaka Kobe, eti kobe hasahau. Akaulizwa kobe alimwambia lini. Mwanafunzi wa sheria akashusha aya kumi na moja kuhusu umiliki, na ya kumi na mbili kuomba radhi kwa urefu.

"Jamani," Chiriku akaandika, "tukibadili jina mashine hazitayaona marekebisho yetu. Mgonjwa yuko hoi, ninyi mnagombea jina la hospitali!"

Wakamjibu kwa kuitisha kura.

Alhamisi mchana akachukua anwani ya Bwana Kimya iliyokuwa chini ya mwongozo wa zamani wa programu, akaenda kupiga hodi mwenyewe. Alifunguliwa na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkasi mkononi, futi ya fundi cherehani shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futa miguu. Aa, si hivyo, futa kama mtu anayeingia kwa watu."

Chiriku akaganda. Maneno ya aina ile alikuwa akiyasoma kila siku kwenye kioo cha kompyuta.

Nyuma ya yule mama akachomoza mwanamume mwembamba, macho yamemtoka, kidole kiko mdomoni akiomba siri.

"Mama, huyu ni mgeni wangu wa kazini."

"Nimekuuliza wewe, mkwe wangu?" Akamgeukia Chiriku. "Karibu, mwanangu. Mimi namlelea wajukuu hapa mwaka wa nne sasa, na hajawahi kuletewa mgeni wa kazi. Kaa, nikuletee maji."

Mwaka wa nne! Chiriku akapiga hesabu: Bwana Kimya alinyamaza mwaka uleule mama alipohamia. Nusura acheke kwa sauti. Mama alipoingia jikoni, akanong'ona, "Nywila, au niongee."

"Huwezi!"

"Waulize wanaonijua."

"Dada yangu, akijua nitalala nje."

"Na mimi kesho sina kazi. Tupime uzito?"

Bwana Kimya akaketi kwenye kompyuta. Lango la hazina alilitunga yeye mwenyewe zamani zile za raha, kabla ya ujio wa mama. Akaandika nywila, akaikosea. Kioo kikajaa maandishi makubwa mekundu: "Umesahau tena? Hicho kichwa kinabeba nini?"

"Lete nione," ikasema sauti nyuma yao.

Mama alikuwa amesimama na bilauri mbili. Akasoma ujumbe. Akasoma na jina lililokaa juu yake.

"Hii inasomwa na watu wangapi?"

"Maktaba arobaini, mama," Chiriku akajibu.

"Arobaini." Mama akaweka bilauri chini polepole. "Na wote wanasoma kwamba nilisema 'kinabeba nini'?"

Mkwe akainuka kitini. "Nisamehe, mama. Ni siku ile ulipokuja kututembelea, kabla hujahamia, nilipoisahau sufuria motoni."

"Siku hiyo nilisema, 'Hicho kichwa ni cha kuvalia kofia tu?' Kama unanisema, nisemee sawasawa! Unaniharibia kwa watu!"

"Kwa hiyo jina..." Chiriku akadokeza.

"Jina libaki. Mpe binti kitu chake."

Safari hii nywila ilikubali. Chiriku akapeleka mstari wake, kisha wote watatu wakakodolea orodha ya maktaba zilizoupokea: moja, sita, kumi na tisa. Ya ishirini ilikuwa ya kwake. Akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu wiki iliyopita, akainuka kuaga.

"Unakwenda wapi?" Mama akamvutia kiti. "Humo ndani kuna semi zangu ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili, mama."

"Fungua ya kwanza. Na wewe mkwe, acha kunyemelea mlango. Leta karatasi uandike."