Wadudu wa Bwawa la Kahawia

Tangu alfajiri fundi wa mtambo wa kusafisha majitaka hakutulia. Mara yuko kwenye mashine ya kupuliza hewa, mara kwenye lango la chuma la kutolea maji, mara anacheka peke yake. Nani angemlaumu? Leo, kwa mara ya kwanza, majitaka ya mji mzima yangeingia mtoni yakiwa safi, na bomba la zamani, lililokuwa likimwaga uvundo mbele ya nyumba ya mama mkwe wake, lingefungwa.

Yaani, kama maji yangekubali. Alikuwa amechota tope la bwawa kubwa kwenye chupa ya kioo, akaiweka dirishani. Likizama na kuacha maji maangavu juu, basi wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula uchafu bwawani, wako hai, na lango linafunguliwa. Lisipozama, bomba la zamani linaendelea, na mama mkwe anaendelea kufunga madirisha.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameshafika, kashika beseni lenye shuka jeupe, eti la kuyapima hayo maji safi. Miaka yote hakutaka hata kusikia habari za kazi ya mkamwana wake. "Wenzako wanafuga kuku, wewe unachunga vinyesi!" Leo alikuja, na ulimi wake alikuja nao.

Kwa usafi, mama huyo hana mfano. Alichungulia bwawa, akaona povu la kahawia linavyochemka, akashika pua.

"Salaala! Hiki ndicho mnachotaka watu waje kuona?"

Akaingia stoo, akatoka na dumu la dawa kali ya kusafishia vyoo. Kifuniko keshakifungua.

Fundi alimwona kupitia dirishani. Alitoka mbio, kiatu kimoja akakiacha mlangoni.

"Mama! Usimwage! Utawaua!"

"Nitamuua nani?"

"Wadudu!"

"Si ndiyo kazi ya dawa?"

"Hawa ni wangu! Hawa ndio wanaokula uchafu! Ukiwaua, mavi ya mji mzima yataendelea kuja mlangoni kwako mpaka lini?"

Neno hilo lilimtoka tu, mbele ya mama mkwe, jamani! Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Dumu likabaki limeinama juu ya bwawa. Kisha mama mkwe akalisimamisha polepole, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa umekuwa mke wa mwanangu," alisema. "Haya, nionyeshe hao watoto wako."

Wakaingia ndani bega kwa bega. Chupani, tope lilikuwa limelala chini. Juu yake maji yalikuwa maangavu, komeo la dirisha likionekana upande wa pili. Fundi alipiga kelele kama aliyejifungua mapacha. Gurudumu la lango walilizungusha pamoja, mikono minne, na maji yakaondoka yakiimba.

Haikupita wiki, mama mkwe alichota maji ya mto mbele ya nyumba yake, akafua lile shuka ukingoni. Fundi alisimama kando, akilikodolea shuka macho. Shuka likakung'utwa: jeupe pe!

Fundi aliruka, akashangilia, akataka kumkumbatia. Lakini mama mkwe alikuwa ameshajitwika beseni lenye maji ya sabuni na kuanza kupanda kilima, akihema.

"Mama, si umwage tu hapo?"

"Mtoni? Una wazimu?" Akafika kwenye tundu la mfereji wa majitaka uendao bwawani, akamimina taratibu, asimwage hata tone pembeni. "Wape wajukuu zangu. Waambie bibi yao amewaletea."