Kiti cha Anselme

Mume wangu Anselme alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba viwili kule Belleville, paka asiyenipenda, na kiti.

Kiti chenyewe si cha mbao. Ni nafasi yake katika chama chake na marafiki zake wawili, Gaétan na Norbert, waliokuwa naye jeshini ujanani. Kila msimu mmoja wao huchagua mkahawa, kisha wote huenda kula menyu ya kuonja: sahani ndogo ndogo zinazofuatana, mlaji hachagui kitu, mpishi analeta anavyotaka mwenyewe. Walikuwa wakitafuta iliyo bora kuliko zote Paris. Hawajaipata. Nadhani hawakuwa na haraka ya kuipata.

Chama chao kina sheria. Mmoja akifa, mjane wake hukaa mahali pake mpaka zamu ya marehemu ya kuchagua mkahawa ifike. Siku hiyo, wakati wa kahawa, mjane anasema kama anabaki au anaachia. Zamu ya Anselme iliangukia vuli, na mtu wa kumrithi alikuwa ameshapatikana: Thibaud, mkwe wa Gaétan, kijana mpole mwenye ulimi unaojua divai.

Binti yangu aliniambia niachie. "Mama, wewe unaenda kufanya nini na wale wazee?" Milo miwili ya kwanza nilikaa nao nikala kila kilicholetwa, na kila kitu kilikuwa na ladha ya maji ya uvuguvugu. Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Sikuwa na huzuni hasa. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku, upo lakini huusikii.

Nilimwuliza Padri Loïc. "Nenda, mama," akasema. "Mungu hajamkataza mtu kula." Hilo nililijua.

Basi kila asubuhi baada ya misa nilizunguka mitaa nikisoma menyu zilizobandikwa milangoni, ndani ya visanduku vya kioo. Nilizisoma kama mtu anavyosoma matangazo ya vifo vya watu asiowafahamu. Mwishowe nilichagua mkahawa mdogo nyuma ya kanisa letu. Nilimwona mpishi, mwanamke mnene mwenye nywele fupi, akitoka kufuta kile kioo kwa pindo la aproni yake, halafu akaisoma menyu yake mwenyewe mpaka mwisho, kana kwamba hakuwa na hakika nayo. Na tena, mlo ukirefuka, nisingekosa misa ya jioni.

Tulikutana Jumamosi mchana. Thibaud alikuja kama mgeni, ili tumzoee.

"Shemeji," Gaétan alisema akiutazama mnara wa kanisa dirishani, "umetuleta kula au kuungama?"

"Wewe yatakufaa yote mawili."

Norbert alicheka mpaka akakohoa. Norbert ni mtu mkubwa, hasemi mengi. Gaétan ndiye mwenye maneno, alikuwa daktari wa meno, na anasema wagonjwa wenye midomo wazi walimzoesha kusikilizwa bila kujibiwa.

Kikaja kitunguu kilichochomwa kwenye majivu mpaka kikalegea. Ikaja supu ya uyoga ndani ya kikombe. Akaja samaki, upana wa vidole viwili, na siagi iliyounguzwa kidogo. Wao walinusa, walifumba macho, walibishana. Norbert alisema samaki amemkumbusha mama yake. Gaétan akamwambia mama yake alikuwa akiunguza hata maji. Mimi nilitafuna. Thibaud alinijazia glasi ya maji kabla sijaomba.

"Mama Bernadette, umeionaje?" aliniuliza.

"Imepikwa vizuri," nikasema, maana nilikuwa nimeona hivyo kwa macho.

Baada ya bata na tini, mhudumu alikuja na ubao wa jibini. Sasa, menyu hii haiendi kwa mtu mmoja mmoja. Meza nzima hula kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mtu akiinuka, jikoni wanasimama mpaka arudi. Anselme, miaka yote, aliinuka hapohapo kabla ya jibini, akatoka nje kuvuta sigara. Nyumbani alikuwa akilalamika kwamba wenzake wanamsema, lakini hakuacha.

Mhudumu akaanza kuushusha ubao. Gaétan, bila kuinua macho, akainua mkono.

"Subiri kidogo, binti. Mwenzetu katoka."

Norbert alikuwa ameshaweka kisu chini na kufuta midomo.

Mhudumu alitutazama. Sote tulikuwa tumekaa.

"Nani katoka?" Thibaud akauliza.

Gaétan aliushusha mkono polepole, akaanza kuikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Norbert alitazama dirishani.

Nikainuka. "Ni mimi ninayetoka," nikamwambia yule binti. "Samahani, mwanangu. Nitarudi."

Nje kulikuwa na baridi na sikuchukua koti. Nilisimama kando ya kile kisanduku cha kioo. Sigara ya Anselme ilikuwa na urefu wa fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi. Nilijua, kwani nyumbani yeye aliivutia dirishani na mimi nilisali mezani. Nikatoa rozari mfukoni nikasali fungu moja, si haraka, si polepole. Sikulia. Nilingoja kuona kama nitalia, machozi hayakuja, nikarudi ndani.

Walikuwa hawajagusa kitu. Ubao wa jibini ulikuwa bado mikononi mwa yule binti, kasimama nao karibu na mlango wa jikoni, na mpishi alikuwa akichungulia nyuma yake. Leso yangu walikuwa wameikunja.

"Umechelewa," Gaétan akasema. Sauti yake haikuwa sawa.

"Nimewasalimia njiwa."

Tukala jibini. Ilikuwa na chumvi. Zaidi ya hapo sikuweza kusema, lakini chumvi niliisikia.

Kahawa ilipokuja, Gaétan aliuliza kama sheria inavyotaka. "Haya, shemeji. Unabaki au unaachia?"

"Nabaki," nikasema. "Ila kabla ya jibini mtakuwa mnanisubiri."

"Tumeshazoea," akasema Norbert.

Thibaud alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Na mimi je, baba?"

"Wewe omba Norbert aendelee kula siagi, kiti chake hakitakawia," Gaétan akamwambia.

Jioni, mlangoni mwa kanisa, Padri Loïc aliniuliza kama chakula kilikuwa kizuri.

"Sijui, Padri," nikasema. "Walinisubiri."

Nikaingia nikakaa mahali pangu pa siku zote.