Siku Mfaransa Alipopita Timau

Ile video uliicheka. Usikatae. Mwanamume wa Timau anaingia na black mamba yake, baiskeli nzito ya kubebea maziwa, katikati ya mashindano ya baiskeli, bibi amekaa nyuma, askari anamkimbiza. Ukawatumia wenzako, ukarudi kwa chai yako. Wacha nikuambie ulichoruka.

Asubuhi hiyo mwanamume huyo, Wamae, alifunga gunia kwenye keria, mahali pa mitungi ya maziwa, akampandisha mkewe Njoki. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umeanza vibaya, damu kabla ya maji. Mwenye pikipiki wa karibu alikuwa ameenda kuona wazungu. Walipofika barabara kuu, kamba ilikuwa imefungwa nguzo hadi nguzo. Ng'ambo, mlango wa zahanati ulikuwa wazi, pazia la kijani likipepea.

"Afande, bibi yangu ako na uchungu."

Askari aliitazama baiskeli. "Ati na wewe unashindana? Namba yako iko wapi?"

Watu wakacheka.

Kipaza sauti kilikuwa kikisimulia maisha ya Mfaransa, Goulven Lebrec. Mtoto wa mfugaji wa ng'ombe, kama ninyi watu wa Timau. Alianza na baiskeli ya babu yake. Akashinda huku, akashinda kule, miaka mingi ya kulipwa kwa kukanyaga pedali. Huu ni msimu wake wa mwisho, na ametuchagua sisi.

"Afande, ni kuvuka tu. Barabara iko tupu."

"Rebreki amepata pancha huko juu. Ata mheshimiwa anamngoja. Wewe ni nani?"

Ambulensi ilikuwa imesimama hapo hapo, kitanda chake kitupu. Watiri, mamake Njoki, aliyewafuata kwa miguu, akaigonga ubavuni. Dereva akatoa kichwa.

"Mathe, hii ni ya wachezaji. Wakianguka nitasema nini?"

"Huyu ameanguka tayari."

Dereva akapandisha kioo.

Njoki hakupiga kelele. Alikuwa ameuma shati la mumewe. Gunia lilikuwa limelowa, na sasa mnyororo wa baiskeli pia.

"Alipoanguka mlimani kwao, akavunjika nyonga," kipaza sauti kikaendelea, "helikopta ilimfikia kabla gurudumu halijaacha kuzunguka. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Wamae akainua kamba.

Hapo ndipo video yako inaanzia. "Kanyaga, Rebreki," watu wanashangilia. Anafika katikati. Askari anashika keria, anavuta. Inaishia hapo, na kicheko, kabla baiskeli haijaanguka na Njoki.

Lebrec alipita wakati huo, mwembamba, kichwa chini. Alikwepa kitu cheusi kwenye lami bila kupunguza mwendo. Labda alidhani ni oili. Watu wakamgeukia na simu zao, migongo kwa Njoki. Watiri alipiga magoti, akampokea mtoto kwa leso aliyokuwa amejifunga kichwani. Mtoto hakulia. Gurudumu la black mamba lilizunguka hewani, likazunguka, likasimama.

Baiskeli iko kwa yadi ya polisi mpaka leo. Wamae ameshtakiwa kwa kuvuruga mashindano. Njoki anakaa mlangoni, maziwa yanamlowesha blauzi, na hakuna anayethubutu kumwambia abadilishe.

Jumamosi mashindano yanarudi. Kamba imeshaletwa, mpya, ndefu kuliko ile. Weka simu mfukoni. Njoo usimame upande wetu, uiinue.